Mbio zako za kwanza za kilomita 5: ijue kasi yako kabla ya siku yenyewe

Mtu mzima mwenye afya ya kawaida, hata kama hajakimbia tangu alipomaliza shule, anaweza kumaliza kilomita 5 baada ya wiki nane au tisa za mazoezi. Wanaokwama wengi wao hukwama kwa sababu moja: wanakimbia kasi isiyo yao. Mmoja anatoka mbio siku ya kwanza ya mazoezi, anachoka baada ya dakika mbili, anajiambia hana pumzi, anaacha. Mwingine anafanya mazoezi yake vizuri kabisa, kisha siku ya mbio anaondoka na walio mbele na kuifikia kilomita ya pili akitweta. Ndiyo maana karibu kila ushauri nitakaotoa hapa unarudi kwenye kasi, hata ule wa chakula na mavazi.

Kilomita 5 ni mizunguko 12 na nusu ya uwanja wa riadha wa mita 400. Ukikimbia kila kilomita kwa dakika 8 utamaliza kwa dakika 40. Kwa dakika 7 utamaliza kwa 35, na kwa dakika 6 ni nusu saa kamili. Anayetembea haraka hutumia kama dakika 10 hadi 12 kwa kilomita, kwa hiyo hata akitembea mwanzo hadi mwisho humaliza kwa takriban saa moja. Ikumbuke hesabu hiyo kabla ya kuogopa kuwa wa mwisho. Waandaaji wengi huweka muda wa kufunga njia, hivyo usome kabla ya kulipia ujue umepewa dakika ngapi.

Kabla hujaanza mazoezi, muone daktari ikiwa una ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari, ujauzito, au umewahi kubanwa na kifua au kuzimia ukiwa unafanya kazi nzito. Mwenye pumu akimbie na dawa yake ya kuvuta mfukoni, mazoezini na kwenye mbio pia.

Mazoezi: kukimbia na kutembea

Njia iliyowasaidia wanaoanza wengi ni kuchanganya mchakamchaka na kutembea. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alikuwa miongoni mwa walioieneza sana. Baadaye, mwaka 1996, Josh Clark alibuni programu ya wiki tisa inayofuatwa hadi leo na watu wa kila umri. Wiki yake ya kwanza ni hivi: tembea haraka dakika 5, kisha kimbia polepole sekunde 60 na kutembea sekunde 90, ukirudia kwa dakika 20. Siku tatu kwa wiki, na kati ya siku moja na nyingine unapumzika.

Sekunde 60 zinaonekana chache mno, na hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza. Usiongeze. Moyo na mapafu huzoea ndani ya wiki chache, lakini kano na mifupa huchukua miezi kukomaa. Kuanzia wiki ya tatu au ya nne pumzi inakuwa imekuja, mtu anajiona ameiva, anakimbia siku nne mfululizo, na kufumba na kufumbua ugoko unauma au goti linakataa. Pumzi imetangulia na miguu bado iko nyuma. Siku ya kupumzika imewekwa kwa ajili ya miguu, hata kama wewe mwenyewe hujachoka.

Ongeza muda wa kukimbia kidogo kidogo. Kutoka dakika moja nenda mbili, kisha tatu, kisha tano, kisha nane, huku vipindi vya kutembea vikipungua. Wiki ikiwa ngumu, irudie yote. Kurudia wiki hakukuondoi kwenye mpango, bora uwe umeacha nafasi ya wiki mbili za ziada kati ya siku uliyoanza na siku ya mbio. Anayejiandikisha zikiwa zimebaki wiki sita afanye mpango wa kukimbia na kutembea hadi siku ya mbio yenyewe, na asijilazimishe kukimbia mfululizo.

Sasa, kasi gani? Kipimo bora hakihitaji saa wala simu. Ukiwa unakimbia, sema kwa sauti sentensi nzima ya maneno nane au kumi. Ikitoka bila kukatika, kasi ni sahihi. Ukiweza kutoa maneno matatu tu kabla ya kuvuta pumzi, umezidisha. Punguza hata kama itaonekana unakwenda taratibu kama anayetembea. Mazoezi karibu yote ya anayeanza yawe kwenye kasi hii ya kuongea. Wengi wanaoniuliza kuhusu vyakula, vidonge na viatu vya bei kubwa wangefaidika zaidi kwa kufuata jambo hili peke yake.

Usirefushe hatua ili uende haraka. Mguu unapotua mbele sana ya goti, kisigino kinakuwa breki, na mshtuko wote unapanda kwenye ugoko na goti. Fupisha hatua, uzikaze ziwe za haraka kidogo, mguu utue karibu chini ya mwili. Sikiliza: unyayo ukipiga ardhi kwa kishindo, hatua ni ndefu mno. Mabega yashuke, ngumi zilegee, mikono ipite kando ya kiuno bila kukatiza kifua. Pumzi ivutwe kwa pua na mdomo kwa pamoja. Wazo la kwamba lazima uvute kwa pua tu linakunyima hewa bure.

Wiki tatu za mwisho, chagua siku moja kati ya zile tatu na uzikimbie dakika 5 za mwisho kwa kasi ya maneno matatu matatu. Hiyo ndiyo hali utakayoikuta kwenye kilomita ya mwisho ya mbio, na ni vyema mwili uwe umeshaionja. Zikiwa zimebaki kama siku kumi, fanya jaribio moja: pasha mwili, kisha kimbia kilomita 3 zilizopimwa kwa kasi moja, umalize ukijua ungeweza kuendelea. Gawanya muda wako kwa tatu. Jibu lake ndilo kasi yako ya mbio, na halipaswi kubadilishwa na shauku ya siku yenyewe. Si lazima uwe umewahi kukimbia kilomita 5 zote mazoezini. Aliyeweza dakika 30 mfululizo, au kilomita 4, atamaliza.

Maumivu ya kuvumilia na maumivu ya kusimamisha

Misuli kuuma pande zote mbili, ikizidi siku ya pili na kupungua siku ya tatu au ya nne, ni kawaida ya mwili kuzoea. Tembea, lala vya kutosha, endelea. Maumivu ya kuogopa ni yale yanayokaa mahali pamoja, upande mmoja, na kuongezeka kadiri unavyokimbia. Ugoko ndio huwasumbua wapya zaidi, na chanzo chake mara nyingi ni kuongeza umbali ghafla au kukimbilia viatu vilivyochakaa. Bonyeza kwa kidole mfupa wa ugoko kutoka juu hadi chini. Uchungu ukienea sehemu ndefu, punguza mazoezi kwa wiki moja hadi mbili na uangalie. Uchungu ukiwa mkali kwenye sehemu ndogo ya ukubwa wa sarafu, huenda mfupa umeanza kupata ufa, basi acha kukimbia kabisa mpaka daktari akuone. Vilevile ukianza kuchechemea, simama. Anayechechemea huuhamishia mguu mwingine mzigo wote, na baada ya muda anaumwa pande mbili.

Kubanwa kifua, mapigo ya moyo yanayorukaruka, kizunguzungu kizito: hayo hayana mjadala. Simama na uombe msaada hapo hapo.

Viatu na nguo

Viatu viwe vya kukimbilia, na kati ya kidole kirefu na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Vijaribu jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, kama unavyovimba mtu anapokimbia. Jaribu ukiwa na soksi utakazokimbilia. Vingi huanza kuchoka kati ya kilomita 500 na 800, kwa hiyo raba ya miaka mingi iliyokaa kabatini si ya kuaminiwa hata kama juu inang'aa. Kosa la kawaida ni kununua viatu vipya kwa ajili ya siku ya mbio na kuvivaa asubuhi hiyo. Vitumie mazoezini angalau wiki mbili kwanza.

Soksi za pamba hunyonya jasho na kukaa nalo, ngozi inalainika, malengelenge yanafuata. Vaa za nyuzi zinazokauka haraka. Mapaja, makwapa na chuchu zinazosuguana na nguo zipakwe mafuta ya mgando. Kwa wanawake, mstari wa chini wa sidiria ya michezo upakwe pia, na sidiria yenyewe iwe imejaribiwa kwa kukimbia dakika 20 au zaidi. Kucha za miguuni zikatwe siku tatu au nne kabla, ili ukikata vibaya pawe na muda wa kupona.

Siku saba za mwisho

Hakuna zoezi la wiki hii litakalokuongezea nguvu, lakini yapo mengi yanayoweza kuzipunguza. Kimbia mara mbili tu, fupi. Ya mwisho iwe siku mbili kabla ya mbio, dakika 15 hadi 20 za mchakamchaka mwepesi. Siku inayotangulia mbio pumzika au tembea kidogo. Usingizi wa usiku wa mwisho mara nyingi huharibiwa na wasiwasi, kwa hiyo lala vizuri usiku miwili au mitatu kabla yake. Ukikosa usingizi usiku mmoja wa mkesha hutaanguka.

Ukipata homa, kikohozi cha kifuani au kuharisha, usikimbie. Mbio nyingine zitakuja.

Usishindilie chakula mkesha wa mbio. Wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini unatosha zaidi ya saa moja ya kukimbia, na wewe unahitaji chini ya hapo. Kula mlo wako wa kawaida, uliouzoea, usio na mafuta mengi wala viungo vikali. Asubuhi kula kitu chepesi cha wanga saa mbili hadi tatu kabla. Mbio zikianza saa 1 asubuhi, hiyo ina maana saa 10 na nusu alfajiri, na kama huwezi kuamka wakati huo, kipande kidogo saa moja kabla kinatosha. Kunywa maji kama nusu lita katika saa mbili au tatu za kabla, kisha acha, uende haja mapema. Kujijaza maji dakika za mwisho kunaleta kichomi na safari ya chooni, hakuongezi nguvu.

Vidonge vya kutuliza maumivu kama ibuprofeni havimezwi kabla ya mbio. Vinaficha uchungu uliopaswa kukusimamisha, na vinaipa figo kazi ya ziada wakati mwili unapoteza maji. Na lolote ambalo hujalijaribu mazoezini, iwe kinywaji, chakula, nguo au kufunga kamba kwa mtindo mpya, liache lilale nyumbani.

Asubuhi yenyewe

Fika saa moja kabla. Foleni ya choo ni ndefu kuliko unavyodhani, na kutafuta mahali pa kuachia mzigo kunakula muda. Namba yako ibandikwe kifuani kwa pini nne, moja kila kona. Kama chipu ya kupimia muda iko nyuma ya namba hiyo, usiikunje wala usiifunike kwa koti, kwa kuwa mashine inaweza kushindwa kuisoma. Nyuma ya namba andika jina la mtu wa kupigiwa simu na ugonjwa wowote ulio nao. Funga kamba za viatu fundo mbili.

Dakika 15 kabla ya kuanza, pasha mwili: tembea haraka dakika 5, kimbia mchakamchaka dakika 3 au 4, kisha rusha miguu mbele na nyuma mara kumi kila mmoja. Malizia kwa vipande viwili vya sekunde 15 vya haraka kidogo. Watu huogopa kwamba watajichosha. Kinyume chake, mwili ukianza kukimbia ukiwa baridi, moyo na mapafu huchukua dakika mbili tatu kuifikia kazi, na katika dakika hizo unatumia akiba ya misuli ambayo ungeihitaji mwishoni. Kujinyoosha kwa kubaki umekunja mwili muda mrefu hakuna lazima hapa.

Simama nyuma ya kundi, au katikati kwenda nyuma. Hupotezi kitu. Pale penye zulia la kupimia, muda wa chipu yako unaanza unapolivuka, si mlio wa kuanzia unapolia. Ukisimama mbele unakuwa kikwazo kwa wenye kasi, na unaburutwa nao.

Kilomita kwa kilomita

Mita 500 za kwanza ndizo hatari kuliko zote. Kelele, muziki, watu wanaokupita, na msisimko unaofanya kasi kubwa ionekane nyepesi. Gharama yake haidaiwi pale pale, hudaiwa dakika tano au sita baadaye. Tuseme lengo lako ni dakika 40. Mpango mzuri ni kilomita ya kwanza kwa 8:10, tatu zinazofuata kwa 8:00 kila moja, na ya mwisho kwa 7:50. Jumla ni 40:00. Sasa mtazame mtu wa uwezo ule ule aliyeikimbia ya kwanza kwa 7:10. Ya pili anaipata kwa 7:50 akijikaza, ya tatu 8:30, ya nne 9:00, ya tano 8:40, na kwa jumla anatumia 41:10. Alijiona ana dakika nzima mfukoni, akairudisha pamoja na nyongeza, na nusu ya pili yote aliipita kwa mateso. Kwa hiyo mwanzoni sema ile sentensi ya maneno kumi. Isipotoka, punguza papo hapo, usingoje bango la kilomita.

Kilomita ya pili na ya tatu tulia kwenye kasi yako. Kilima kikija, linda pumzi na uache kasi ishuke. Hatua ziwe fupi, macho mita chache mbele. Kwenye mteremko usijivute nyuma kwa visigino, maana mapaja yatakulaumu siku mbili. Kwenye kona kata karibu na ukingo wa ndani bila kumziba mtu.

Kichomi cha ubavuni kikitokea, punguza mwendo, vuta pumzi ndefu ya tumboni, itoe taratibu ukibonyeza pale panapouma na kuinama kidogo mbele. Kwa kawaida huachia ndani ya dakika chache. Kituo cha maji kikiwepo, mafunda mawili matatu yanatosha, na bora utembee unapokunywa. Jua likiwa kali, sahau lengo la muda. Ukianza kusisimka kama mwenye baridi, kichwa kikauma au ukachanganyikiwa, simama kivulini na umwite mhudumu.

Kati ya kilomita 3 na 4 ndipo akili inaposema acha. Mwanzo uko mbali, mwisho hauonekani. Hapa shusha mabega, fupisha hatua, chagua mgongo wa mtu mmoja aliye mbele na ushikamane nao. Ukitaka kutembea, tembea kwa mpango: sogea pembeni, inua mkono kumjulisha aliye nyuma, tembea sekunde 30 hadi 60 kwa hatua za haraka, kisha urudi kwenye mchakamchaka. Anayefanya hivyo mapema humshinda anayesubiri mpaka miguu igome.

Ikibaki kilomita moja, jipime. Kama maneno matatu matatu bado yanatoka, ongeza kidogo, kisha ongeza tena ikibaki mita 400, yaani mzunguko mmoja wa uwanja. Usikurupuke kwa kasi ya mwisho mita 800 kabla.

Ukivuka mstari usisimame ghafla wala kukaa chini. Misuli ya miguu ilikuwa inasaidia kurudisha damu kwenye moyo. Ikisimama mara moja, damu inatuama miguuni na mtu anaweza kuanguka kwa kizunguzungu. Tembea dakika 5 hadi 10, vaa nguo kavu, kunywa maji kidogo kidogo, na ule ndani ya saa moja au mbili. Kesho yake tembea tu. Ngazi za kushuka zitauma, hasa siku ya pili. Rudi kwenye mchakamchaka mwepesi baada ya siku mbili au tatu.

Saa yako ikionyesha kilomita 5.06, usiwalaumu waandaaji. Njia inayopimwa kwa kanuni za kimataifa hupimwa kwa baiskeli maalumu yenye kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa kona. Juu yake huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikawa fupi, na hivyo kilomita 5 huwa ni mita 5,005. Wewe ulipinda kuwapita watu, ulizunguka kona kwa nje, na setilaiti nazo hukosea kidogo. Kwa sababu hiyo, ukikimbia kwa kufuata kasi ya saa, lenga sekunde tano kwa kilomita haraka zaidi ya hesabu yako, au ifuate saa kwenye mabango ya kilomita tu. Na unapoandika matokeo, chukua muda wa chipu, uandike na muda wa kila kilomita kando yake. Kilomita ya kwanza ikiwa ndiyo ya haraka kuliko zote, mbio zijazo anza kwa sekunde 15 polepole zaidi.